Goli Lililopigiwa Kura

Saluni yetu iko Berea, kwenye jengo la ghorofa ambalo lifti yake ilikufa kabla mimi sijafika Durban. Chumba ni kimoja, kimegawanywa na pazia la plastiki. Upande wa dirisha ni wangu, nasuka wanawake. Upande wa mlango ni wa kinyozi, mtu wa Uvira kama mimi, ananyoa wanaume. Pazia linazuia nywele, lakini maneno yanapita tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi, kila Jumamosi, nimesikia goli moja likifungwa upya nyuma ya mgongo wangu.

Lilifungwa Uvira, enzi za Zaire, na winga wa timu ya kiwanda cha sukari. Nje ya Uvira hakuna anayemjua huyo winga. Hakuitwa timu ya taifa, hakuvuka kwenda Ulaya, na picha yake haipo popote. Kinyozi ameitafuta mpaka simu yake ikachoka. Ila siku moja timu kubwa ilishuka kutoka Bukavu na basi lake na daktari wake, na winga wetu akaifunga dakika za mwisho, mvua ikinyesha. Aliuchukua mpira katikati ya uwanja. Akawapita mabeki watano. Alipofika karibu na kibendera cha kona, pale ambapo mtu mwenye akili angepiga krosi, akaachia mguu wa kushoto, mpira ukapinda, ukamzunguka kipa, ukaingia. Na hapa kinyozi huzima mashine ya kunyolea ili kila mtu asikie vizuri: winga hakushangilia. Hakuvua jezi wala hakucheza. Alikimbia moja kwa moja, kichwa chini, akatoka nje ya uwanja na kupotea, kama mtu anayezikimbia sifa za dunia.

"Unyenyekevu," kinyozi husema. "Nionyeshe muchezaji wa leo mwenye kufanya vile."

Mchungaji wetu, ambaye pia hunyolewa pale, alilihubiri goli hilo mara mbili. Mara ya kwanza somo lilikuwa unyenyekevu. Mara ya pili somo lilikuwa ndoa, na mpaka leo sijaelewa aliingiaje.

Nisimcheke sana kinyozi. Wateja wake wa Kizulu wana timu zao hapa, wana rangi zao, wana wazee wao wa kusifia. Wakianza kubishana, yeye husubiri kama mgeni anayesubiri kukaribishwa mezani. Wakinyamaza, anasema, "Bon. Sasa mi niwaambie mpira." Wanamsikiliza kwa heshima. Mmoja anasema "eish, brother," kisha anarudi kwenye simu yake. Mtu aliyepoteza nyumba, mtaa na nusu ya ndugu zake, ukimnyima na goli, atabaki na nini cha kusema siku ya Jumamosi?

Goli lilipokuwa kubwa kupita kinyozi mmoja, ikaundwa kamati. Kinyozi alikuwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Mrundi anayefanya kazi kwenye ghala moja kule Mobeni, mtu wa makamo, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alizaliwa miaka kadhaa baada ya goli, jambo ambalo halikumzuia kulieleza. Baba yake alimwambia kwamba mama wa winga alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Bujumbura. Kwa hiyo, alisema katibu, lile goli si la Kongo peke yake.

"Alizaliwa Uvira, akachezea Uvira!" kinyozi alifoka.

"Sawa, mwenyekiti. Lakini mguu wa kushoto aliutoa kwa mama."

Walibishana juu ya mguu huo karibu msimu mzima wa mvua. Mwishowe walikubaliana kwamba mguu wa kulia ni wa Kongo, wa kushoto ni wa Burundi, na kwamba mambo ya kichwa yasiguswe.

Mimi kwenye kamati nilikuwa shahidi. Cheo hicho nilipewa kwa sababu siku ile nilikuwepo uwanjani, mtoto wa miaka kama saba, na mama yangu akiuza karanga nyuma ya lango. "Mama, si ulikuwepo?" kinyozi angeuliza kupitia pazia. "Nilikuwepo," ningejibu, nikaendelea kusuka. Hakutaka zaidi ya hapo, na mimi sikuwa na zaidi. Nilichokiona ni migongo ya watu, na beseni la mama lililofunikwa nailoni, kisha kelele. Goli lenyewe nililiona hapa Berea, kwenye pazia.

Jumamosi moja alikuja mteja mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu anayeishi Cato Manor. Alikuwa mpole, wa maneno machache, kichwa chake nimeshakifikisha nusu. Kinyozi naye alikuwa ameshafika kwa beki wa tatu.

"Mama," mteja aliniambia kwa sauti ya chini, "kwani hawa wanamsema papa?"

"Papa yupi?"

"Papa yangu. Alicheza timu ya sukari, Uvira. Winga. Tuko naye nyumbani."

Mikono yangu ilisimama. Upande wa pili mashine ilinyamaza kabla ya wakati wake. Pazia likafunguka, kinyozi akaingiza kichwa, akamwomba yule dada ataje jina la baba yake. Akalitaja. Kinyozi akarudi nyuma, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokigusa, ambacho mteja wake alikuwa bado hajakiacha.

Aliporudi katika hali yake, akaanza kumhoji yule dada kama polisi wa mpakani.

"Alikuwa anapiga na mguu gani?"

"Mguu sijui. Najua anakoroma."

"Na kwa nini hakusema kama iko hapa Durban?"

"Angemwambia nani, kaka?"

Huyo mzee alikuwa amekaa miaka Cato Manor, mlima mmoja tu kutoka kwetu, wakati sisi tunamsimulia kama marehemu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ujumbe ulikwenda. Mwenyekiti alivaa suti nyeusi ya sufu katika joto la Februari, joto la Durban ambalo hata shati hulilalamikia. Katibu alibeba bango lililokunjwa. Mimi nilibeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, maana shahidi wa kike haendi mikono mitupu.

Walikuwa wanakaa vyumba viwili vya uani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizulu. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni ndogo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mvi kidogo na magoti makubwa kuliko mapaja. Alisimama akatupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, wanangu. Mukae. Munisamehe, niko ninaangalia kriketi."

Niliona bega la mwenyekiti likishuka.

"Kriketi, muzee?"

"Ee. Mi sikuijua, nimeijulia hapa. Mchezo mzuri sana. Watu wamevaa safi, hakuna mwenye kukupiga teke, halafu katikati wanaenda kunywa chai." Aliisema chai kwa hamu, kama mtu anayesema jambo ambalo lingemfaa enzi zake.

Tukakaa. Binti akaleta soda na vikombe. Mwenyekiti akasimama, akatoa hotuba aliyoiandaa wiki nzima. Alisema alikuwa mtoto wa miaka kumi, juu ya ukuta wa uwanja, na kwamba vita ilipomtoa Uvira hakubeba picha hata moja, alibeba goli lile. Mzee alimtazama kwa huruma nyingi na kwa mshangao kidogo. Akapunguza sauti ya kriketi.

"Goli la Bukavu," mzee alisema. "Aa, kumbe lile. Siku ile nilikuwa na tumbo."

"Tumbo ya hasira," mwenyekiti alimsaidia.

"Hapana, mwanangu. Tumbo la kuendesha. Walitupa samaki ya jana. Tuliumwa watatu. Wenzangu wawili walisema, mi nikanyamaza, maana kocha alisema nani hachezi leo hachezi tena. Mpaka dakika za mwisho nikaona hapana, sitaweza. Mpira ukanijia pale kwenye kona. Nikasema niupige nje kwa nguvu, wakienda kuutafuta mi nipate njia. Sasa chini ni matope. Mguu ukateleza, mpira ukanigonga hapa." Alikunja suruali akatuonyesha muundi wa mguu wa kulia. "Kwenda kule ulienda peke yake. Mi sikuona. Nilikuwa nimeshageuka ninakimbia. Nikasikia watu wote wanapiga kelele, nikafikiri wameniona, wananicheka. Nikazidisha mbio."

Soda ya katibu ilikuwa imesimama hewani. Nadhani kilichomuuma zaidi ni habari ya mguu wa kulia.

"Na mabeki watano?" mwenyekiti aliuliza.

"Mabeki gani?"

Mzee akaendelea taratibu, maana sasa yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukumbuka, na uso wake ulikuwa umelainika.

"Nyuma ya lango kulikuwa choo ya soko. Na pale karibu iko mama mmoja alikuwa anauza karanga. Nikamuomba karatasi. Akanipa zote, zile za kufungia karanga, hakuuliza hata swali. Mungu amubariki. Sikumuona tena."

Kitu kilichokaa kichwani mwangu miaka yote bila mahali pake, sasa kikapata mahali: kijana mrefu aliyelowa, mgongoni ana namba, anamwinamia mama yangu, mama anampa karatasi zote za siku ile, mimi nacheka, mama ananifinya paja. Jioni ile tuliuza karanga zilizobaki kwa kuwamiminia watu viganjani. Sikuwahi kuiweka picha hiyo karibu na goli, kwa sababu kwenye goli la kinyozi hakukuwa na nafasi yake.

"Papa," nikasema, "yule mama wa karanga ni mama yangu."

Mzee aliinuka. Alikuja mpaka nilipokaa, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili.

"Iko anaishi?"

"Alikufa, papa. Kule kule Uvira."

"Basi aksanti yake nikupe weye." Akanishika hivyo muda mrefu, na kriketi ikaendelea bila sisi.

Ungedhani hapo mambo yangeishia. Hujawahi kukaa kwenye kamati. Mwenyekiti aliomba radhi, akatuita uani, karibu na bomba, akafunga mlango.

"Muzee amesahau," alisema.

"Amesahau nini?" niliuliza. "Mbona anakumbuka mpaka samaki?"

"Uzee uko hivyo, mama. Mutu anakumbuka samaki, anasahau mabeki." Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya suti. "Mi nilikuwa juu ya ukuta. Niliona."

"Na mimi nilikuwa nyuma ya lango. Mama yangu ndiye alimpa karatasi!"

"Weye ulikuwa mutoto."

"Na katibu je? Hakuwa hata mtoto."

"Ndiyo maana hana upendeleo," alisema mwenyekiti.

Katibu alikohoa, akapendekeza tufuate utaratibu. Tukapiga kura pale bombani, juu ya goli. Mabeki watano walipata kura mbili. Tumbo lilipata moja. Halafu mwenyekiti akatukumbusha mahubiri ya mchungaji, na watu waliookoka siku ile kwa sababu ya unyenyekevu wa winga. Je, tuwarudishe duniani kwa habari ya choo? Nilikasirika, lakini nilipomtazama usoni niliona mtu aliyekuwa karibu kulia, nikaacha kubisha.

Kwa hiyo wakaamua kumkumbusha mzee. Kila Jumapili mwenyekiti alikwenda Cato Manor na mfuko wa vifuniko vya soda, akavipanga juu ya meza. Mara moja nilikwenda naye kumsuka binti, nikasikia somo likiendelea chumba cha pili.

"Huyu mwekundu ni nani?" mzee aliuliza.

"Beki wa tatu, muzee. Unamupita kushoto."

"Na mi niko wapi?"

"Weye ni huyu wa bluu."

"Huyu wa bluu ana nguvu," mzee alisema baada ya kumtazama. "Mi nisingeweza."

"Uliweza, papa. Ulisahau tu."

Binti, mikononi mwangu, alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Unajua, mama," alisema, "tangu mama yangu afe, papa kwetu anasema ndiyo na hapana tu. Sasa jioni namkuta na vifuniko."

Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Jezi ya heshima ilileta ugomvi wake. Mwenyekiti alisema winga alivaa kumi na moja, katibu alisema saba, na mzee alipoulizwa alisema alivaa ile iliyokuwa imekauka. Wakachapa kumi na moja mbele na saba nyuma. Mzee aliivaa juu ya shati na tai, ikambana makwapani, akapita katikati ya watu taratibu kama bwana harusi. Ukumbi ulijaa Wakongo, Warundi, wauzaji wa simu, wasusi wenzangu, na mama mwenye nyumba wa Kizulu aliyekuja kuona mpangaji wake amefanya nini.

Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Mwenyekiti akaeleza goli. Katibu akalieleza tena, akikaa zaidi kwenye mguu. Kisha mzee akapewa maikrofoni. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye masufuria, na mwiko mkononi.

"Siku ile," mzee alianza, "nilikuwa na tumbo."

Mwenyekiti alipatwa na kikohozi. Mchungaji alisema "amina" bila sababu. Mzee akatazama kiti cha mbele alichokalia binti yake, simu imeinuliwa kumrekodi, machozi yanashuka, hata hana mkono wa kuyafuta. Alimtazama hivyo mpaka watu wakaanza kugeuzageuza miguu.

"Nilikuwa na tumbo la woga," akaendelea, "vile kila muchezaji anakuwa nalo akiona timu kubwa. Kisha mpira ukanijia."

Akaanza kusimulia. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na mimi nilikuwa nimesikia goli lile kila Jumamosi. Mabeki watano wote walikuja, na sasa kila mmoja alikuwa na sura. Mmoja alikuwa na sharubu na alinuka tumbaku. Mmoja alimwomba radhi kabla ya kumpiga kiatu. Wa nne alianguka peke yake kwa aibu. Alipofika kwenye kibendera cha kona, mzee aliushika mguu wake wa kushoto kwa mkono, kama fundi anayeonyesha chombo, na ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mpira ulipoingia watu walipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akapiga vigelegele, ingawa hakuelewa neno hata moja. Nilijikuta nimesimama na mimi, mwiko juu, mchuzi unanitiririkia kwenye mkono.

Mwenyekiti alilia wazi wazi, kama mtoto.

Furaha yake haikudumu. Mzee alianza kuja saluni kila Jumamosi, na wateja walitaka goli kutoka kwake, si kutoka kwa kinyozi. Vijana walipiga naye picha. Wazulu waliokuwa wakisema "eish" na kurudi kwenye simu sasa walimwita *mkhulu*, yaani babu, wakamwekea kiti. Na beki wa sita akatokea.

"Walikuwa watano, muzee," kinyozi alimwambia siku moja, mashine imezimwa.

"Sita."

"Watano! Mi nilikuwa juu ya ukuta."

"Aa. Kutoka ukutani usingemuona. Alikuwa amefichwa na refa."

Kinyozi akaja upande wangu, akafunga pazia, akaninong'oneza kwa uchungu wa kweli: "Mama, muzee anaongeza uongo." Nilimwambia aitishe kura. Hakucheka. Katibu naye aliposikia mguu wa kushoto unasifiwa kiasi kile, alifungua tawi lake Mobeni, na ninasikia huko winga ameshazaliwa Bujumbura.

Wiki iliyopita binti alikuja kusukwa. Baba yake alikuwa upande wa pili, katikati ya beki wa nne. Tulisikiliza kidogo. Kisha akanitazama kwenye kioo, hakugeuka.

"Mama, weye ulikuwepo. Siku ile nyumbani niliwasikia, wakati munaongea kwenye bomba. Lile goli ni kweli?"

Nilifikiria mambo mengi ya kumjibu. Nilimwambia ninachokijua. Kwamba watu wote walisimama. Kwamba mama yangu, aliyekuwa hajui mpira wala hautaki, aliniinua juu kwa mikono yenye chumvi ya karanga. Kwamba watu wasiojuana walikumbatiana kwenye mvua, na usiku ule hakuna mtu mtaani kwetu aliyelala mapema. "Hayo niliyaona," nikamwambia, "na aliyeyafanya ni baba yako."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nyuma ya pazia wanaume walipiga kelele, mpira umeingia.

"Hapa mbele," akasema, akijigusa kwenye paji la uso, "unifanyie ndogo ndogo. Zile nene za mara ya mwisho zilinivuta."